Pete Kabla Haijakauka

Waya ulinuka siki. Nilipolichana gamba la silikoni ambalo Loris alikuwa amelipaka kwa vidole vyake mwenyewe, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa, nyuzi zake zikakatika mojamoja kama uzi wa soksi kuukuu.

"Hii silikoni ni ya bafuni," nikamwambia. "Ikinuka siki, ujue inakula shaba. Ulikuwa unatengeneza waya au kachumbari?"

"Nives, usinianze. Utapona?"

"Waya utapona. Wewe sijui."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua mashine yenye waya ule inakwenda kutafuta nini.

Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, ya kutambulia metali majini. Sahani ikipita juu ya kitu, mashine inakulilia masikioni. Kila Septemba, watalii wakishaturudishia ufuko wetu, Loris aliingia nayo baharini hadi kifuani, akarudi na sarafu, hereni, na mara moja meno ya bandia yenye dhahabu. Safari hii alitaka pete moja tu. Na pete hiyo ilikuwa ya Morena.

Mji wetu, huku Adriatiki, hufunga ndoa na bahari kila Mei. Askofu hutupa pete ya dhahabu majini, vijana wa kiume hujirusha kama vyura, nasi wanawake tunabaki mchangani kushangilia. Atakayeiopoa lazima amvishe mtu kabla haijakauka. Ikimkaukia kiganjani, mwaka wake wote ni chumvi tupu. Mwaka ule Loris alipoiopoa, alitoka mbio akitiririka maji, akamvisha Morena mbele ya mji mzima. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana sikuwa na haki ya kuumia mahali pengine.

Baadaye waliachana kwa amani, amani ile ya kuudhi ambayo watu wanaendelea kusalimiana kwa mabusu. Loris akawa wangu. Pete ikabaki kwa Morena, kwa sababu kwetu hakuna anayedai pete ya bahari. Morena alikandia unga nayo, akasukia nywele nayo, na kila asubuhi sokoni akanipungia mkono uleule wenye pete, kana kwamba Mungu alimnyima mkono wa pili. Kisha akaogelea karibu na mawe ya kuvunjia mawimbi, ikamchomoka. Akampigia simu nani? Si zimamoto.

"Analia, Nives," Loris alisema.

"Masikini. Si angelilia mlemle baharini, chumvi isipotee bure?"

Mama yangu alikuwa akipita kwenye duka langu la ufundi na sinia la mkate bapa na dagaa wa kuchoma. Akaangalia uso wangu, akaangalia chuma cha kulehemu. "Fundi mwenye wivu huunguza kidole chake," akasema. Nikajiunguza papo hapo. Mama ana mdomo.

Nilikata sehemu yote iliyooza, pale waya unapoingia kwenye shingo ya sahani, nikarudi nyuma mpaka nikakuta shaba inayong'aa. Ningeweza kuacha upenyo mdogo kama tundu la sindano. Bahari ingenimalizia kazi, Loris angerudi mikono mitupu, na Morena angeendelea kukosa cha kunipungia. Lakini watu wangesema Nives hajui kulehemu, na hilo hata wivu wangu ulilikataa. Nikaunga uzi kwa uzi. Nikavisha mpira unaonywea kwa moto, gundi ikatoka pembeni kama asali. Nikaufunga waya kwenye fimbo usitikisike, maana waya unaochezacheza hufanya mashine ilie bila msiba.

Tukazamisha sahani kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

"Haya, lete pete yako tujaribu," Loris akasema.

Nikainua kichwa kutoka kwenye ndoo.

"Pete gani?" nikamuuliza.

Masikio yakamwiva. Nikavua hereni yangu, nikaipitisha chini ya sahani, mashine ikaimba vizuri sana, vizuri mno.

"Kesho naingia nayo mimi," nikasema.

"Maji ya baridi hayo, mpenzi."

"Nitavaa hasira."

Kesho yake Morena alikaa juu ya mawe, taulo mabegani, akitoa amri. "Kushoto kidogo, Loris!" Wakati mashine ninayo mimi. Nikaenda kulia. Mashine ikakoroma juu ya kopo, ikakoroma juu ya msumari. Halafu ikatoa sauti nyembamba, safi, ile ile ya hereni yangu. Nikachota mchanga kwa chujio refu la bati, nikautikisa. Ilikuwa imelala pembeni mwa kome, inang'aa kama haijawahi kuvaliwa na mtu.

Loris, aliyekuwa majini kando yangu, alinyoosha mkono ili ampelekee Morena. Nikakunja ngumi.

"Nani kaiopoa?"

"Wewe. Lakini Nives, desturi ni ya Mei. Tena ni ya wanaume."

"Bahari imekwambia hivyo?"

Upepo ulikuwa ukivuma, na pete ilianza kukauka kiganjani. Morena alisimama juu ya mawe, mkono tayari umenyooshwa. Nikamshika Loris kidole chake cha mwisho, nikasukuma. Pete ikakwama kwenye kiungo. Nikasukuma tena, akasema "aa!", ikapita.

Hakuivua. Alitazama mkono wake kama mtu aliyekabidhiwa samaki hai, kisha akanitazama mimi, na hakumtazama mtu mwingine.

Morena alishusha mkono polepole. "Hata hivyo ilikuwa ikinibana," akasema. Akatupungia, akaondoka zake juu ya mawe. Kidoleni mwake palikuwa na mzingo mweupe ambao jua lilikuwa halijawahi kuugusa.

Lakini pete iliyombana, ilichomokaje?

Waya ule ni mzima mpaka leo. Kila Septemba naukagua kabla Loris hajaingia baharini, naye huniachia pete niishike. Na Morena akinipungia sokoni, bado naangalia kidole kile kwanza, ingawa jua lilikwisha kukilinganisha na vingine zamani.