Mwisho wa Picha ya Treni

Bi Barke wa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, alikuwa mtu wa kusamehe, ila alitaka kwanza aombwe radhi, tena aombwe vizuri. Ndiyo maana tangu harusi ya mtoto wa Mwanasaumu alikuwa hajasema naye neno, na Mwanasaumu alikuwa shoga yake tangu wote wawili hawajaanza kuvaa buibui. Walikulia hapa hapa Likoni, nyumba ikitazamana na nyumba, wakila sinia moja na kuazimana nguo za Idi, mpaka Mwanasaumu alipoolewa akahamia Junda. Hata huko Junda hakujifungua mtoto bila ya Barke kufunga virago na kwenda kumlea uzazi.

Kisa chenyewe ukimsimulia mgeni atacheka. Harusi za wanawake wa kwetu hualikwa kwa mdomo. Mwalishi hupita nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni, akatoa salamu za mwenye harusi na kutaja siku, kisha akaenda zake mlango wa pili. Hivyo ndivyo waalikwavyo majirani na watu wa kujuana. Aliye karibu zaidi, mwenye harusi humwendea mwenyewe kwa miguu yake. Basi Mwanasaumu alipomuoza mwanawe Riyadh, Barke alikaa akingojea hodi ya shoga yake, na hodi iliyokuja ikawa ya mwalishi, mwanamke wa kukodiwa, hata jina lake hakulijua.

Barke alimsikiliza, akamwitikia kwa heshima, akafunga mlango na kukaa kitandani na hasira zake. Kama ni mgeni, alisema moyoni, basi nitakwenda kama mgeni. Siku ya harusi akavaa dera lake la hariri, akatia mkoba wake kwapani, akakaa safu ya wageni, akaletewa biriani na kulila kwa adabu zote. Uani, wanakopika watu wa nyumbani, hakutia mguu. Mwanasaumu alitokeza mlango wa uani na upawa mkononi, akamwona, akamtazama kitambo, akarudi kwenye masufuria yake. Barke akaaga mapema akarudi Likoni. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa akimngojea mwenziwe aanze, na hao wote wawili kwa kungojea walikuwa mabingwa.

Sasa ilikuwa zamu ya Barke. Nadira, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa Ijumaa, na Junda hakujapelekwa habari rasmi. Nadira aliuliza mara ya kwanza, akajibiwa kwamba atapelekewa ile kadi ya kwenye simu kama watu wengine. Aliuliza tena, akaambiwa asimfundishe mama yake dunia. Lakini usiku Barke hakuwa akilala vizuri. Alijua kwamba harusi hii ya mwisho nyumbani kwake ikipita bila ya Mwanasaumu, basi ndiyo basi tena. Hakutabaki hata kisingizio cha kuonana, isipokuwa mmoja wao afe, na hapo mwenye kuja atakuja kuzika.

Jumatano wanawake wa ukoo wakaja kuchagua mchele. Mchele wa siku hizi umechekechwa kiwandani, ungeupekua kutwa usipate hata chembe ya mchanga, lakini hakuna aliyesema hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwa ajili ya mchanga. Walikuja kukaa. Sebule ilijaa mikeka, nyungo na masinia, na maneno yakawa mengi kuliko mchele. Mamkubwa Mbeyu, dada wa mama yake Barke, ambaye miguu yake ilikuwa imemsusa lakini ulimi bado ulikuwa wake, alikalishwa kwenye kochi na ungo mapajani. Nadira, aliyekuwa ametiwa ndani kama wanavyofanywa maharusi na kuchoka kutazama kuta, akasema atawawekea picha.

Alikuwa ameitafuta kwa siku nyingi kwenye mtandao, akaipata. Ilikuwa picha ya zamani ya Kihindi ambayo jina lake la kweli hapana hata mmoja aliyewahi kulijua, na Likoni nzima waliiita picha ya treni. Mama mjane na binti yake wamepanda treni kwenda mji wa mbali kumtafuta kaka mtu aliyepotea. Barke alipoiona ile treni ikitoa moshi kwenye televisheni aliuacha mchele, akaweka mkono kifuani.

Picha hiyo, enzi za usichana wao, ilikuwa ya nyumba ya Bi Jalila, jirani yao. Mumewe alikuwa baharia, ndiye aliyeleta deki ya video ya kwanza mtaani, na kila Ijumaa baada ya Alasiri wanawake walijazana kwake. Msomaji wao alikuwa Mwanasaumu. Mama yake alikuwa akiwashonea nguo Wahindi wa mjini, na yeye akienda naye, akicheza na watoto wao, akarudi na Kihindi. Basi yeye hukaa kando ya televisheni akieleza kila kinachosemwa, sauti ya mwanamume akiitoa nene, ya bibi kizee akiitoa yenye kukwaruza. Barke aliitazama picha ya treni pamoja nao mwaka ule aliofiwa na mama yake, akiwa msichana asiyejua kusonga ugali wa watu sita, na aliirudia hata akaijua kwa moyo.

Sehemu yake ilikuwa ya mwisho. Mama anaegemea dirisha la treni, macho ameyafumba, kichwa cha binti kiko begani kwake. Hapo Mwanasaumu alikuwa akishusha sauti na kusema maneno ya yule mama: "Nimelala tu, mwanangu. Wewe endelea na safari." Kisha huinuka, akazima video, akasema kanda kuanzia hapo imekwaruzika. Barke alirudi kwao na maneno hayo, akapika, akalea wadogo zake, akaolewa. Alipofiwa na mumewe, aliwakusanya watoto, Nadira bado mdogo wa kubebwa, akawaambia baba yenu amelala tu, nyinyi endeleeni na safari. Katika nyumba yake maneno hayo yalikuwa karibu ya dua.

Sasa Nadira alikaa chini karibu na televisheni, akisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha na kuwageuzia kwa Kiswahili. Haukupita muda vicheko vikaanza. Yule mwenye masharubu, ambaye Mwanasaumu alikuwa akisema anagomba kwa sababu samaki ameletwa bila ndimu, kumbe alikuwa anadai shamba. Bibi kizee aliyekuwa akimwombea binti mume mwema, kumbe alikuwa akimtukana. Wanawake walicheka hadi mchele ukamwagika, wakasema Mwanasaumu alituchezea shere miaka yote ile.

Barke naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na jambo ndani. Alisema kwa sauti ya kusikika kuwa kumbe hata Kihindi chenyewe hakukijua, alikuwa akijitungia tu. Ilikuwa imempendeza kupata kosa jingine la kuweka juu ya lile la mwalishi, maana lile moja lilikuwa limeanza kuchakaa. Mamkubwa Mbeyu alimtazama, akaendelea na ungo wake.

Treni ikafika kwenye giza la jioni. Mama akaegemea dirisha, akafumba macho. Sebule ikanyamaza, kwa kuwa wote walijua Barke anavyoipenda sehemu hiyo. Nadira alisogea karibu na televisheni, tayari kusoma maneno aliyolelewa nayo. Hakusoma kitu.

"Mama," akasema baadaye, taratibu. "Hayamo."

Yule mama hakusema neno. Na hapakuwa na kukwaruzika. Picha iliendelea. Binti akajaribu kumwamsha mama yake, akamtikisa, akamshika mashavu. Abiria mmoja mzee akavua shuka lake, akamfunika yule mama gubigubi. Treni ikasimama kwenye stesheni ndogo, na binti akateremka peke yake na kifurushi, akasimama akiitazama treni ikiondoka. Hapo ndipo maandishi ya mwisho yalipopanda.

Barke alikuwa amekaa na punje za mchele kiganjani. Aliona haya, kisha akaona uchungu, wa kuwa mtu mzima mwenye wajukuu na kugundua kwamba alishikilia kitu kisichokuwapo. Akauliza, bila kumwelekea mtu, Mwanasaumu alipata wapi ujasiri wa kumdanganya.

"Kihindi alikijua," Mamkubwa Mbeyu akasema. "Hayo ya samaki na ndimu yalikuwa mzaha wake, sisi wakubwa tukijua, tukicheka. Picha hii ilipokuja mara ya kwanza wewe hukuwapo, ulikuwa ndani na msiba. Alitusomea mpaka mwisho, neno kwa neno, tukalia sote. Kisha akatwambia, siku Barke akija kuitazama hii, mwisho wake muniachie mimi. Akatuapisha. Jalila mpaka amefariki hakuwahi kuitazama ile kanda mpaka mwisho mbele yako, na mimi nimenyamaza hadi leo."

Wanawake kadhaa wakubwa waliinamia masinia yao kama watu waliokutwa na siri, na Barke akafahamu kwamba si Mwanasaumu peke yake, ni mtaa mzima uliokuwa umemshika mkono bila yeye kujua. Machozi yalimtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta. Aliyafikiria maneno yale. Msichana wa rika lake, mwenye mama yake mzima nyumbani, alikaa peke yake akayatunga, kwa sababu aliona mwenziwe hatayaweza ya kweli.

Akainuka, akachukua buibui. Nadira akamuuliza anakwenda wapi. Akamjibu anakwenda kualika.

Kutoka Shika Adabu hadi Junda ni kuvuka feri, kukipita kisiwa na kuvuka daraja, na njia nzima Barke alikuwa akiyapanga maneno. Mwanasaumu hataki maneno mengi, alijiambia, nitamwalika tu kama inavyopasa, kwa miguu yangu, ambavyo yeye hakunifanyia. Halafu akaona hata hilo la mwisho halimkai tena mdomoni. Alipofika alikuwa anahema, na unga wa mchele ulikuwa umemganda mikononi.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanasaumu alikuwa ndani akichekecha unga, amenenepa kidogo, miwani imemteremkia puani. Barke alipiga hodi, akakaribishwa, lakini hakuingia. Alisimama kizingitini kama wasimamavyo waalishi.

"Mwenye harusi amekuja mwenyewe," akasema. "Ijumaa, inshallah, namuoza Nadira. Wewe, na wakwe zako, na wote wa nyumba hii, mwaalikwa..."

"Usinialike," Mwanasaumu akasema.

Barke alidhani mambo yamekwisha, na kwamba amekuja amechelewa. Mwanasaumu aliweka chekecheke chini, akainuka, akamfuata kizingitini.

"Ukinialika nitakuja kama mgeni. Nitakaa safu ya mbele na mkoba, niletewe biriani. Ndivyo utakavyo?"

Barke akamwambia kwamba yeye naye alialikwa, tena na mtu wa kukodi.

"Na nani aliyemtuma? Mimi nilimtuma Likoni kwa mawifi zangu. Mlango wako kaupiga kwa kujitakia, alipita mtaa mzima. Wewe nikualike, Barke, kwani wewe ni mtu wa kualikwa? Mwenye harusi hualikwa? Nilikuwekea ufunguo wa kabati ya vyombo, uje usimamie upishi. Nimekungoja Jumanne, nimekungoja Jumatano. Ijumaa ukaja na mkoba."

Barke aliona siku ile yote upya, upawa mkononi mwa Mwanasaumu, na kule kutazama kwake kitambo mlangoni. Kumbe alikuwa akingojea asogee tu, ainuke atoke safu ya wageni. Akamshika mkono, na Mwanasaumu hakuuondoa. Walikaa hivyo kizingitini, mmoja ana unga wa ngano mikononi na mwengine wa mchele, na kama kuna aliyeomba radhi kwanza, hakusikika.

Kisha Mwanasaumu akainuka, akapeleka mkono nyuma ya mlango, akatoa kifurushi. Kilikuwa kimefungwa tayari kwa leso, na mpini wa upawa ukichomoza juu. Barke akauliza kimefungwa tangu lini. Mwanasaumu akasema tangu aliposikia Nadira kaposwa, ila alikuwa hajui akienda atapewa ufunguo wa kabati au atapewa kiti.

Alimwita mkwewe, akamwachia unga, akavaa buibui. Barke alikuwa bado na neno moja, na alilichelewesha hadi walipokuwa nje, Mwanasaumu akivuta mlango.

"Shoga," akasema, "leo tumeitazama picha ya treni. Nadira ametusomea. Mpaka mwisho."

Mwanasaumu alibaki ameshika kitasa. Barke aliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa watu njia ndefu na sasa mwenyewe kaja kuuchukua. Kisha akafunga mlango, akampa Barke ncha moja ya kifurushi.

"Ile kanda imekwaruzika mwisho, hao hawajui," akasema. "Yule mama amelala. Shika huku, twende tukapike."