Matembezi ya Pumzi ya Mwinshehe

Saa mbili na nusu asubuhi Mwinshehe alirudi kutoka ziwani, akanawa miguu kwenye ndoo iliyo kando ya mlango, akala muhogo wa kuchemsha na samaki mgebuka wa kukaanga, akalala chali. Mkewe, Ikram, akavuta kigoda hadi kitandani na kukaa na ungo wa mchele mapajani. Saa tatu na dakika tano pumzi ya Mwinshehe ikatoka puani, ikainua pazia la chumba, ikapita ukumbini na kwenda zake nje.

Ikram aliendelea kuchagua mchele huku akihesabu kimoyomoyo, kama alivyohesabu kila asubuhi tangu binti yao Nasra alipoanza darasa la kwanza. Sasa Nasra ameolewa Simbo na ana watoto wawili. Hesabu ilipofika arobaini na mbili pazia likainuka, pumzi ikaingia na kurudi mahali pake kwa kishindo, Mwinshehe akakoroma kama injini inayogoma kuwaka, kisha pakawa kimya. Baada ya dakika mbili ikatoka tena.

Pumzi za watu wengi wa Ujiji hukaa ndani. Ya Mwinshehe ilikuwa na miguu. Ilinukia tangawizi na mafuta ya taa, ingawa boti yao iliachana na karabai siku nyingi na sasa wanavulia taa za betri. Miaka ya mwanzo ilikuwa ikiishia barazani. Baadaye ikafika kwa muuza mkaa, ikawa inamsaidia kuwasha jiko la kuonyeshea wateja. Mwaka huu ilikuwa ikienda hadi pwani ya Katonga, na siku moja ilirudi na mchanga, Ikram akaufagia.

Hesabu ikifika sitini na pumzi haijarudi, Ikram humfinya mumewe ubavuni. Mwinshehe hushtuka usingizini, na pumzi, popote ilipo, husikia ikarudi mbio. Kwa sababu hiyo Ikram hakuwa mtu wa kutoka asubuhi. Hakwenda sokoni mapema, hakwenda kwenye mazishi ya kabla ya adhuhuri, wala hakwenda Mwamgongo kwa dada yake Mwasiti, si alipojifungua, si alipougua, si alipofiwa na mume. Mwasiti alimwambia kwenye simu kwamba ana roho ngumu. Ikram akasema ndiyo, akakata simu, akalia kidogo, akarudi kwenye hesabu.

Ikram hakumwambia mumewe. Alilelewa kwamba anayoyafanya mume akiwa amelala ni siri ya mke, sawa na anayoyasema akiwa na homa. Pia aliogopa. Aliona kwamba mtu akishajua pumzi yake inazurura, ataogopa kufumba macho. Basi akanyamaza miaka kumi na saba, na kunyamaza huko kulimchosha kuliko kuhesabu.

Mwinshehe naye aliamka kila adhuhuri akiwa amechoka kuliko alivyolala, kichwa kikimgonga. Alisinzia akinywa chai, alisinzia kwa kinyozi, na mara moja alisinzia amesimama safuni, imamu akiswalia maiti. Watu walimtania kwamba karibu waswaliwe wawili. Alicheka nao, lakini moyoni alikwisha jihukumu: yeye ni mvivu, mtoto wa baba asiyekuwa mvivu, na hakuna dawa. Mwezi uliopita alisinzia akiwa ameshika kamba ya wavu, kamba ikamvuta ikamtia ziwani. Bonifasi, nahodha wao, alimnasa kwa ukosi wa shati. Walipofika pwani Bonifasi alimweleza kwa upole kwamba giza likirudi na hali iko hivihivi, kamba ile itashikwa na mtu mwingine. Giza ni zile siku ambazo hakuna mwezi na dagaa hufuata taa. Kufikia Jumanne ambayo Honorata alipiga hodi, zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Honorata ni mwanika dagaa wa Katonga, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. Alifika saa tisa alasiri na beseni la dagaa wakavu kichwani, akasalimia kwa Kiha. Mwinshehe, aliyekuwa barazani akiziba wavu, akamjibu kwa Kiha na kumsogezea mkeka. Ikram alileta chai.

"Nimekuja kushukuru, Baba Nasra," Honorata alisema kwa Kiswahili, ili na Ikram aelewe. "Masika yote haya dagaa wangu hawajaoza."

Mwinshehe aliuliza yeye anahusikaje na masika.

"Si pumzi yako? Inakuja saa tatu, inapita kwenye vichanja, inapuliza mpaka dagaa wanakuwa wepesi, halafu inakimbia kama imeitwa. Ina adabu, haitimui mchanga. Ila jana imekaa sana. Nimemenya muhogo mzima mpaka nikamaliza, bado ipo. Nikasema hapana, huyu baba ananipa kitu ambacho mwenyewe anakihitaji."

Ikram alishika mwimo wa mlango. Jana alipofika thelathini alipitiwa na usingizi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, na aliposhtuka pumzi ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, peke yake. Hakuwa ameweza kula tangu hapo.

Mwinshehe aliweka chini sindano ya wavu. Aliuliza kama inakwenda kila siku, Honorata akasema kila siku, hata zile za mbalamwezi. Ndipo akamgeukia mkewe.

"Mama Nasra, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Nasra darasa la kwanza."

Chai ilipoa. Ikram alikuwa ameiandalia hasira ya mumewe kwa miaka kumi na saba, amepanga majibu na hata mahali pa kusimama, na hasira haikuja. Mwinshehe alikuwa akilia. Alijifuta kwa pindo la wavu.

"Kumbe si uvivu," alisema.

Ikram akakaa mkekani, akamweleza yote, hesabu, pazia, kufinya. Mwinshehe akapandisha shati na kuutazama ubavu wake wenye alama nyeusi; siku zote alikuwa akiilaumu boti kwazo. Aliomba radhi kwa boti. Honorata alikunywa chai iliyopoa, akasema marehemu baba yake kule Simbo pumzi yake ilikuwa ikienda shambani kila siku kuangalia mahindi. Hakuna aliyewahi kumwambia mzee. Siku moja mahindi yalikuwa yamestawi sana, pumzi ikapenda kubaki. Alipokwisha kusema hayo akaaga, akawaachia beseni.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari, binti mmoja aitwaye Winfrida, alimpima Mwinshehe shingo kwa utepe kama fundi cherehani, akammulika koo, kisha akamsikiliza Ikram muda mrefu kuliko alivyomsikiliza mgonjwa. Ikram alieleza mpaka habari ya mchanga wa Katonga. Winfrida akaandika. Alisema ugonjwa huo unajulikana, koo hulegea mtu akilala likaziba njia, pumzi ikakosa pa kukaa. Alisema wanaougua ni wengi na wengi wao hawajui, kwa kuwa mtu hawezi kujiona akiwa amelala na wanaomwona wanaona aibu kusema. Ipo mashine ya kusukuma hewa usingizini, lakini iko mbali, na kuandikishwa kuipata kunataka karatasi ya kipimo. Kipimo ni kidude cha kuvaa kidoleni kwa usiku mmoja. Kwenye fomu, mahali pa saa za kulala, palikuwa pamekwisha chapwa: saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mwinshehe alivaa kidude, akapanda kitandani saa nne kamili. Mwili wake ulikuwa haujalala usiku kwa miaka thelathini na haukuona sababu ya kuanza. Alikaa macho mpaka adhana, akiziba wavu. Asubuhi alirudisha kidude, akarudi nyumbani, akalala, pumzi ikaenda Katonga. Karatasi ilitoka siku ya pili ikiwa na muhuri: pumzi haikukatika hata mara moja, mhusika analala vizuri.

Ikram aliipeleka karatasi kwa Winfrida akamweleza mume wake ni mvuvi. Winfrida alielewa kabla hajamaliza. Alijaribu kuandika saa tatu asubuhi kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa kwa maandishi mekundu. Alijaribu mara tatu mbele ya Ikram, akaomba radhi, akaahidi kuwaandikia wakubwa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata pumzi ikaenda hospitali yenyewe. Ilikaa kwenye benchi kati ya mzee mwenye mguu uliovimba na mama mwenye mapacha, na Nikodemu wa mapokezi akaipa namba kumi na saba. Asubuhi hiyo ilikwenda nyumbani na kurudi mara ishirini na sita, na kila iliporudi ilikuta wagonjwa wameitunzia nafasi yake. Ilipoitwa iliingia ikapeperusha makaratasi, Winfrida akaipima kwa saa ya mkononi na kuandika dakika zote. Lakini Nikodemu hakuweza kuifungulia faili, maana haikuwa na kitambulisho. Aliiandika kama msindikizaji wa mgonjwa, na mgonjwa akaandikwa hakufika.

Winfrida alimpigia simu Ikram jioni. Alimwambia, nje ya fomu, kwamba mumewe asilale chali, alale ubavu, na kwamba wenzao kwingine hushona mfuko mgongoni mwa nguo na kutia kitu kigumu ili mtu akigeuka asijisikie raha. Ikram alichukua shati kuukuu, akashona mfuko kati ya mabega, akatia maboya mawili ya wavu.

Asubuhi ya kwanza pumzi ilitoka mara nne. Mara zote iliishia barazani. Ikram alihesabu tisa, akahesabu saba, akahesabu kumi na moja, na mara ya mwisho hakumaliza hesabu kwa sababu machozi yalikuwa yakidondokea mchele. Mwinshehe aliamka adhuhuri akasema ana njaa. Hakusema amechoka. Alirudia mara mbili kwamba ana njaa, kama mtu anayetoa habari njema.

Honorata alipoarifiwa kwamba upepo wake umepungua, alisema atageuza dagaa kwa mkono kama zamani, na kwamba ni heri.

Ilibaki kuwaambia wenzake. Mwinshehe aliliogopa hilo kuliko hospitali. Aliwaambia pwani, walipokuwa wakisuuza nyavu, bila kumtazama mtu. "Mimi nikilala pumzi inatoka," alisema. "Mkiniona nasinzia kazini, si dharau. Nimejua juzi tu."

Waliendelea kusuuza. Bonifasi akauliza huwa inakwenda wapi. Mwinshehe akasema Katonga. Bonifasi akasema yake huenda Kibirizi, kwenye boti za abiria, mkewe alimwambia mwaka jana, na alidhani yuko peke yake. Pastory, mwenzao mwingine, akasema mke wake amehamia jikoni kulala na sasa anajua kwa nini. Kati ya watu sita wa boti ile, wanne pumzi zao zilikuwa zikitembea, na mbili zilikuwa zimekutana njiani zaidi ya mara moja. Bonifasi hakumwondoa Mwinshehe kwenye kamba. Aliweka watu wawili kwenye kila kamba, akasema ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Ikram alishona mifuko mingine mitatu. Wanaume walianza kulala kwenye ukumbi wake, wamejipanga kwa ubavu na maboya mgongoni, na wake zao wakapokezana zamu: mmoja anahesabu, watatu wanakwenda na shughuli zao. Mke wa Pastory alikuwa hodari wa kufinya. Barazani walizungumza habari za usingizi wa waume zao kwa sauti ya kawaida, na Ikram alishangaa tu kwamba haikuuma.

Wote wanne walivaa kidude cha kidoleni, kila mmoja usiku wake, na wote wanne walikaa macho mpaka alfajiri. Karatasi nne zilitoka na mihuri minne. Analala vizuri. Majibu ya wakubwa nayo yalikuja baada ya miezi miwili, mistari miwili tu: fomu imezingatia saa za kulala za wananchi wote, na wavuvi washauriwe kulala usiku. Winfrida aliyasoma kwa sauti, akayakunja, akamkabidhi Ikram. Jina la Mwinshehe halikuandikwa kwenye orodha ya mashine, na mpaka leo halijaandikwa.

Wiki ile ya majibu Ikram alipanda boti Kibirizi, akaenda Mwamgongo. Alimweleza Mwasiti kila kitu tangu darasa la kwanza la Nasra. Mwasiti akasema, "Ungeniambia, dada. Ningekuja mimi." Walilia pamoja, wakala ugali.

Siku ya pili, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, pazia la Mwasiti likainuka, na chumba kikanukia tangawizi na mafuta ya taa. Haikuwa imefika mbali kiasi hicho kabla. Mwasiti alisogeza kigoda ili shemeji yake apate pa kupita. Ikram alihesabu mpaka kumi.

"Rudi nyumbani," aliiambia. "Mke wa Pastory anakungoja."

Pumzi ilizunguka chumba mara moja ikatoka. Baada ya kitambo simu ikalia. Mke wa Pastory alisema imefika, amemfinya, amegeuka ubavu. Ikram akashukuru, akakata simu, akajilaza kwenye mkeka wa dada yake, saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa limejaa mlangoni, akapitiwa na usingizi mzito. Mwasiti alimtazama. Kisha akavuta kigoda karibu, akachukua ungo wa mchele, akaanza kuhesabu.