Leseni ya Televisheni

Fundi cherehani alifundisha ukataji wa nguo kwa simu, na wanawake waliobanwa nyumbani na malezi walimfuata mtandaoni. Siku moja akaitwa ofisi ya mamlaka ya mawasiliano, akaambiwa kanuni mpya zinamtaka awe na leseni kama kituo cha televisheni.

"Televisheni ipi, kaka? Nina simu moja, na kioo chake kimepasuka."

"Sheria ni msumeno, dada," afisa alijibu huku akitafuna karanga. "Tuoneshe studio, mhariri na mhandisi."

"Mbona msumeno wenu unakata vichaka tu, magogo unayaruka?"

Hasira zilimpanda, akawasha matangazo ya moja kwa moja kwenye simu palepale. "Wanafunzi wangu, leo hatukati sketi. Mtazameni huyu bwana anavyotukatia riziki."

Afisa akaruka, akampokonya simu. Kabla ya jioni ukurasa wa fundi ulikuwa umefungwa.

Nyumbani dada yake alimsihi, "Kaombe radhi. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe apite wapi, na amekalia mlango wangu?"

Akakokota cherehani hadi barazani, akafundisha kwa kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Wale wa mbali, waliomhitaji zaidi, hawakumsikia.