Ngoma Zilizokataa Kurudi

Kila asubuhi mimi huwa wa kwanza kunawa na wa mwisho kushika unga, kwa sababu kabla ya unga lazima nichague nchi. Ndivyo shangazi anavyosema. "Leo unatupeleka wapi?" huuliza akijifunga kitambaa kichwani, nami huchomeka waya kwenye spika iliyo juu ya rafu ya chumvi.

Tunakanda kwa mkono, watu watatu meza moja: shangazi mwenye duka la mikate, binti yake ninayemwita Dada Mkubwa, na mimi. Zamani walikanda huku wakipiga soga, mikate ikatoka mingine laini, mingine mawe. Nilipomaliza chuo, nilikosomea mambo ya kurekodi sauti, nikaleta muziki wa dansi wa mashine uitwao trance, na mikono ikaanza kwenda pamoja. Sheria ilijitunga yenyewe: ngoma zikipiga, tunakanda, zikinyamaza, tunapumzisha viganja.

Trance ni jina la ukoo, watoto hawafanani. Ule wa Goa, kule India, una sauti ya kinanda inayojikunja na kulia kama mbu aliyesoma. Shangazi anauita Mbu. Ule wa zamani wa Ujerumani ni mkavu, besi inarudia neno lilelile mpaka unakubali. Huo ni Kinu. Ninaoupenda mimi ni wa Uholanzi. Katikati ya wimbo ngoma hutoweka, kisha kinanda kinafungua sauti saba kwa pamoja, kila moja imepinda kidogo kutoka kwa mwenzake. Zingelingana kabisa ungesikia uzi mwembamba. Kwa kuwa hazilingani, unasikia ukuta unaoinuka. Dada Mkubwa anauita Mlango wa Peponi, kwa kejeli, ingawa nimemwona akifumba macho.

Asubuhi hiyo waya ulikuwa bado mkononi mwangu Majivu alipoingia. Majivu ndiye mchomaji wetu. Nyusi zake zina majivu hata siku ya mapumziko. Leo alikuwa amevaa shati lenye kola.

"Mama," akamwambia shangazi, "wale wa kule stendi wananitaka kwenye tanuri lao. Nimewaambia nikimaliza mikate ya leo nawapelekea jibu."

"Jibu gani?"

"Nadhani nitakubali." Akakung'uta kola isiyo na vumbi. "Sijasikia mtu akinizuia."

Dada Mkubwa akanitazama mimi, si yeye. "Mwenye nchi, mbona umeganda? Tuwekee muziki."

Naweza kumweleza mgeni yeyote habari za zile sauti saba. Kwa Majivu, hata salamu hunitoka nusu, nusu nyingine naimeza. Nikaweka wa Uholanzi. Tukakanda. Ngoma zikatoweka, tukainua viganja, na hapo shetani akanipitia. Nikageukia simu kama mtu anayepunguza sauti, nikaizungusha ile sehemu isiyo na ngoma: ikikaribia kwisha, inarudi mwanzo. Kazi isipokwisha, jibu haliendi.

Ukuta ukainuka. Ukainuka tena.

"Huyu anavuta pumzi ndefu," shangazi akasema.

"Kwao wana mapafu, shangazi."

"Ngoma zinakuja?"

"Ziko njiani."

Unga haukuwa na subira hiyo. Hamira ilifanya kazi yake, ukavimba, ukaanza kuchungulia ukingoni mwa beseni. Nasi tumesimama mikono juu kama watu waliokamatwa.

"Mama, si tukande tu?" Dada Mkubwa akauliza.

"Bila ngoma? Nianze na mkono upi?"

Majivu akatokeza kutoka nyuma, koleo mkononi. "Moto unazeeka huku. Mikate iko wapi?"

"Iko Uholanzi," Dada Mkubwa akamjibu. "Imekosa usafiri."

Hakucheka. Alisogea hadi chini ya spika, akainamisha kichwa, akasikiliza ukuta ukiinuka na kurudi chini. Kisha akanigeukia.

"Ukikasirika unapiga Mbu," akasema. "Ukiwa na usingizi, Kinu. Wiki ile nilipoungua mkono, ulipiga huu kutwa nzima. Nilikuwa nasikia kule nyuma."

Masikio yalinichemka. Dada Mkubwa akajifanya anatafuta chumvi.

"Leo umezifungia ngoma nje. Unataka kusema nini?"

"Muziki huu..." nikaanza.

"Muziki nimeshausikia."

"Sema, mwanangu," shangazi akaniomba, mikono bado juu. "Unga unatembea."

Kweli ulikuwa unatembea. Donge zima lilijimwaga kutoka kwenye beseni, likaning'inia pembeni mwa meza, likaanguka sakafuni kwa kishindo kizito, karibu na viatu vya Majivu. Lilikuwa pigo la kwanza la ngoma tangu asubuhi ianze kuharibika, na hakuna aliyekanda.

Nikaizima simu. Chumba kikabaki na mlio wa kuni tu, na mimi bila kitu cha kunisemea.

"Usiende," nikasema. Sauti yangu ilitoka imepinda, nikaiacha hivyohivyo. "Mchomaji mwingine shangazi atampata. Mimi ndiye sitaki uende."