Mfupa wa Koo la Fulu

Chupa ilikuwa kwenye rafu ya chini ya maabara, nyuma ya mifupa ya sungura. Khalayi aliitambua kwa kifuniko chake. Aliileta mwenyewe mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, zawadi kwa shule iliyomsomesha hapa Lurambi. Ndani alikuwa ametia fulu, samaki wadogo kuliko kiganja, waliovuliwa kwa wavu wa kukokota katika kina cha mita hamsini cha Ziwa Viktoria.

Sasa ilikuwa 1996. Mbuta, samaki wakubwa wala-samaki walioletwa ziwani kutoka nje, walikuwa wamewamaliza fulu wa kina hicho, na vielelezo vya taasisi ya utafiti wa samaki alikofanya kazi vilikuwa vimekauka spiriti ilipokosekana. Wenzake walianza kusema kwamba fulu wa kina, ambaye Khalayi ndiye aliyempa jina la kisayansi, hakuwa aina ya peke yake, bali yule yule wa ufukweni, ambaye bado yupo. Wakikubaliana hivyo, jina litafutwa, na itahesabika kwamba hakuna kilichopotea.

Kwa nje wawili hao hawatofautiani. Miiba ya pezi la mgongoni ni ile ile, magamba ni yale yale, na rangi za dume hutoweka kwenye fomalini. Tofauti imo kooni, kwenye mfupa wa pembetatu wenye meno, kama taya la pili. Wa ufukweni ana meno membamba mithili ya brashi. Wa kina alikuwa na meno bapa ya kuvunjia konokono.

"Wako salama, Madam," alisema Barnaba Kibiwott, mhudumu wa maabara, ambaye Khalayi alikuwa amemweleza ubishi wake na wenzake. "Nawabadilishianga fomalini mwenyewe. Na mimi hata sikulangi samaki. Kwetu Lugari ni maziwa na mahindi."

Khalayi akawamimina kwenye trei. Wa kwanza hakuwa na koo. Wa pili pia. Akawageuza wote, mmoja baada ya mwingine.

"Nani amewakata?"

"Mtihani, Madam. Watahiniwa wanatakiwa wachore matamvua, yale samaki anapumulia. Na sokoni siku hizi utapata nini? Mgongo wazi tu, mifupa ya mbuta imeshatolewa nyama kiwandani. Nikasema, si tuko na samaki wetu?"

"Wakitoa matamvua, vya kooni vilikuwa vinaenda wapi?"

"Kwa takataka. Ilikuwa uchafu tu, Madam. Lakini walipita! Mwaka jana waliwanyorosha kwa alama hata wale wa mjini."

Khalayi aliinamia trei tena. Alikuwa amemshika wa mwisho, mwenye kichwa kizima na kidevu kilichovimba.

"Huyo walimkataa," Barnaba akasema. "Ati ana matumbwitumbwi. Nikawaambia samaki hapatangi matumbwitumbwi. Wakacheka, lakini hakuna aliyemgusa."

Haukuwa ugonjwa. Fulu jike hubeba mayai mdomoni, kisha watoto, na muda huo wote hali kitu. Akivutwa juu kutoka kilindini, kibofu chake cha hewa hufura mpaka macho yanatokeza. Wengi huwatema watoto njiani. Huyu macho yalikuwa yametokeza, mdomo umefumbwa.

Hapakuwa na njia ya kuufikia mfupa bila kukata taya. Khalayi akakata.

Watoto walikuwa na macho tayari, na kiini cha yai bado kimeshikamana na matumbo yao. Aliwatoa kwa kibano, kisha akauchomoa mfupa na kuuweka chini ya hadubini. Meno yalikuwa bapa, yamelika kwa juu.

"Ni yeye?" Barnaba aliuliza.

"Ni yeye."

"Basi umeshinda, Madam! Na ziwani wako wengine?"

"Hapana."

Barnaba akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Khalayi alijaribu kuwarudisha watoto mdomoni, ili kielelezo kibaki kama alivyokikuta. Taya lililokatwa halikuwashika. Walidondoka kwenye trei. Akaomba chupa nyingine ya kuwatia, na Barnaba akamletea ya jemu, iliyooshwa vizuri.