Tembe Mbili Asubuhi, Tembe Mbili Jioni

Jumatatu, tarehe 6 Agosti 1951. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, na upepo ulikuwa umeshaanza kutembeza vumbi kabla ya kengele ya misa.

Siku hiyo nilikwenda zahanati na mwanangu Wenceslaus, aliyekuja kutoka Urambo kwa treni. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Magoti yalilia kama mlango mbovu, na pumzi iliniishia nikivuka uwanja wa kanisa tu. Wenceslaus alikuwa ameamua: nisipopata nafuu baada ya mwezi mmoja, atanichukua nikakae kwake, nikalie mkeka, nihudumiwe. Kwake si kubaya. Lakini huko hakuna darasa la jioni la watu wazima, nami nilikuwa nimefika ukurasa wa thelathini wa kitabu cha kusomea, nikimwomba Mungu asinifumbe macho kabla sijaisoma Injili mwenyewe.

Mganga, Bwana Nassibu, alinipima, akaniambia nipunguze chumvi na mafuta, nile mboga za majani na kunde, na ugali wa usiku usiwe mlima. Kisha akaandika karatasi niipeleke dirisha la dawa. Wenceslaus alikuwa ameshawahi treni ya kurudi Urambo, nami sikuipeleka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandikiwa kitu ninachoweza kukisoma, basi nikakisoma kwa sauti njia nzima mpaka Gongoni, mtaani kwetu hapa Tabora: "Tembe mbili asubuhi, tembe mbili jioni."

Nilielewa mara moja. Tembe tunazijua, ndizo nyumba zetu za udongo zenye paa bapa, ndefu kama behewa. Mganga anataka nizunguke mbili kabla ya jua kali, na mbili jua likipungua. Nikamshukuru Mungu kwa dawa isiyo chungu.

Kesho yake alfajiri nikaanza na tembe ya jirani yangu Amne, rozari mkononi, fungu moja kila mzunguko. Siku ya tatu Amne akatoka na mwiko, akaniuliza, hata shikamoo hakunipa, kama nimeanza uchawi uzeeni. Nikamwonyesha karatasi. Kusoma hajui, lakini aliitazama kwa heshima, akajifunga kanga, akanifuata. Tembe ya pili ni ya mzee Masolwa, ambaye ujanani alibeba mizigo ya misafara mpaka Ujiji. Huyo alisema tunatembea kama kuku waliofungwa kamba mguuni, akachukua fimbo, akatangulia. Wiki ya pili tulikuwa tunacheka hata hesabu ya rozari ikanipotea, nikaanza upya, Mungu anisamehe. Baadaye tulikula mlenda wa Amne, usio na chumvi. Masolwa alisema una ladha ya mvua, akaomba tena.

Tarehe 6 Septemba Wenceslaus alirudi na sanduku tupu la kutilia nguo zangu. Amne na Masolwa wakatusindikiza zahanati, wakidai nao ni wagonjwa wa karatasi ileile. Bwana Nassibu akaniambia nikae na kusimama mara kumi. Nikafanya kumi na tano.

"Bibi Josepha, tembe zimekufaa," akasema. "Zimebaki ngapi?"

"Zote mbili zipo, Bwana. Ya Amne na ya Masolwa."

Akauliza nilikuwa nameza nini. Nikasema mlenda. Ndipo akaeleza kwamba yeye alifundishwa kuita kidonge tembe, na vidonge vyangu vya kutuliza maumivu vilikuwa vikinisubiri dirishani tangu mwezi uliopita. Alicheka mpaka akavua miwani. Masolwa alicheka mpaka akakohoa, Amne akakaa chini kabisa. Mimi nilicheka na hofu ndani yake, kwa kuwa nilikuwa nimesoma vibaya, na mwanangu bado ameshika sanduku.

Bwana Nassibu akamgeukia. Akamwambia vidonge vingetuliza maumivu tu. Miguu hii imerudi kwa kutembea na kula vizuri, na akinikalisha mkekani itaondoka tena.

Wenceslaus aliyatazama magoti yangu. Akaweka sanduku chini, akavua kofia.

"Mbele yako Bwana Nassibu, na mbele ya mzee Masolwa na mama Amne," akasema, "mama yangu sitamwondoa Tabora. Atabaki Gongoni na darasa lake, na nikitaka kumwona, nitapanda treni mimi."