Faida na Hasara za Kumpeleka Kitinda Ng'ambo

Baba Mdogo alipoingia wodi ya watoto na binti yake, daktari wa zamu alimtambua kwa kikohozi kabla hajainua kichwa. Akawaingiza kwenye chumba cha kupimia. Kiti kilichobaki kilikuwa cha watoto, na mzee, na unene wake wote, akaketi magoti yakimfika kifuani. Daktari hakumtafutia kingine.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Yaliyopita si ndwele, eh?" Akacheka peke yake. "Nimekuletea mdogo wako, Kitinda. Anataka udaktari, na hapa nafasi ni za kugombania. Nikasema, nani anayajua ya ng'ambo kama wewe? Tupe faida na hasara. Aende, asome, arudi. Kliniki yangu inamngoja."

Si ndwele! Daktari alipokuwa ng'ambo masomoni, mama yake aliugua figo, na aliyemtibu ni huyu huyu, shemeji mtu. Kila akipiga simu aliambiwa mama amelala, anaendelea vizuri. Mama akafa, akazikwa, na Baba Mdogo akawakataza watu wote wasimwambie, eti asivurugiwe mitihani. Alikuja kujua kwa jirani mmoja aliyempa pole akidhani ana habari. Na aliporudi na shahada yake, Baba Mdogo alimwita mbele ya ukoo mzima "daktari wa kununua".

Leo kajileta mwenyewe.

Daktari alikijua chuo kimoja huko: majengo ya vioo, bustani, picha za kupendeza. Mwanafunzi anamaliza hajamgusa mgonjwa, na akirudi nyumbani mtihani wa usajili unamwangusha kila mwaka mpaka anakata tamaa. Kukitaja tu kungetosha.

"Kuna chuo kizuri sana," alianza. Mzee akachomoa kalamu mfukoni.

"Dada," Kitinda akamkatiza, macho sakafuni. "Ile sauti iliyokuwa inapokea simu ya Mama Mkubwa ilikuwa yangu. Baba aliniambia niseme amelala. Mara ya mwisho alikuwa ameshazikwa."

"We mtoto!" Mzee alijaribu kuinuka, kiti kikamng'ang'ania.

Daktari aliikumbuka ile sauti nyembamba, iliyokuwa ikisema neno moja kisha inakata. Hasira haikumpoa. Ila ilimwacha binti, ikamgeukia baba yake peke yake.

"Achaneni na hicho chuo," alisema. "Nilikosea."

Wakati huohuo muuguzi akachungulia: gari la mzee lilikuwa limeziba njia ya ambulensi. Mzee alipotoka kwenda kulisogeza, daktari akasogeza kiti chake karibu na Kitinda, akamwambia yote bila kupunguza. Kwamba huko utapata maiti ya kujifunzia na walimu wasiokutukana. Kwamba darasani mtaelewana, lakini mgonjwa ataumwa kwa lugha yake, na usipoijua utasimama kitandani kwake kama nguzo. Kwamba baridi utaizoea, upweke hutauzoea. Misiba itakupita. Na ukirudi, waliosomea hapa watakupima upya, na watakucheka hata ukifaulu.

"Lazima nirudi?" Kitinda aliuliza. "Ile kliniki siipendi, Dada. Naona Baba anavyowafanyia watu."

Daktari alitazama mlango. Kaka wawili wa Kitinda walishamkimbia mzee. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki.

"Jifunze lugha yao kama ya mama yako," alisema polepole. "Kisha ufanye mitihani ya leseni ya hukohuko. Baba yako usimwambie mpaka uwe nayo mkononi."

Alijua anachofanya, na kilimkolea utamu.

Kitinda alikwenda, akahitimu, akapata kazi hukohuko kwenye wodi ya watoto wachanga. Hakurudi. Baba Mdogo alikuja tena hospitali, safari hii amekonda, akasimama mlangoni.

"Ulimwambia nini mwanangu?"

"Faida na hasara, kama ulivyoomba."

"Umeniulia uzee wangu."

"Yeye mzima, Baba Mdogo. Mpigie."

"Hapokei."

Angeweza kusema, ngoja nimpigie mimi. Simu ya daktari, Kitinda alikuwa anaipokea kila Jumapili. Badala yake akachukua faili la mgonjwa aliyefuata.

Shangazi yake, aliposikia, alimjia juu. "Kisasi hakimfufui mama yako!"

"Najua, Shangazi. Sikukilipiza ili afufuke."

Mwaka uleule kliniki ilifungwa. Asubuhi moja akienda kazini alimkuta fundi juu ya ngazi anafungua skrubu za bango lenye jina la ukoo wao. Mzee alikuwa chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili. Daktari akapunguza mwendo, akateremsha kioo, akatazama mpaka bango likafika chini. Nyuma yake watu walipiga honi. Akawaacha wapige.